"Delay" ya siku 21: kisa cha barua moja kutoka Kadutu

Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa sita na nusu mchana, simu yangu iliita nikiwa bado na chaki mkononi. Alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha Kiingereza, ambaye sasa ni katibu wa chama cha wakazi kinachoshughulikia maji huko Kadutu, hapa Bukavu. Hata hakunisalimu. "Mwalimu, ba Nairobi banasema turudishe franga. Leo leo, mbele ya magaribi."

Nikamwambia anisomee hiyo barua pepe neno kwa neno. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya adabu tu. Uliomtoa jasho ni wa mwisho: "Kindly revert by COB Tuesday." Alikuwa amefungua kamusi, na kamusi ikamwambia kwamba "revert" ni kurudi katika hali ya zamani, au mali kumrudia mwenyewe wa kwanza. Kamusi haikudanganya, wanasheria wanalitumia neno hivyo. COB hakuiona popote, akaamua kuwa ni jina la benki. Ukiziunganisha hizo mbili, unapata mtu anayekudai.

Lakini barua ilitoka Nairobi, na katika Kiingereza cha ofisi za Nairobi, kama kile cha India na Singapore, "revert" ni kujibu tu. COB ni kifupisho cha mwisho wa saa za kazi. Dada aliyeandika alikuwa anasema: tafadhali tujibuni Jumanne kabla ya ofisi kufungwa. Hakuna aliyeomba hata faranga moja.

Saa za Nairobi ziko mbele ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja jioni yao ni saa kumi yetu. Tulikuwa na saa tatu na nusu. Nikamwambia aandike mistari miwili: tumepokea, tunaomba tuongee kwa simu kesho. Akapumua. Ndipo nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kwani ninyi mliwaandikia nini hata wakajibu kwa ukali huo?

Barua ya Ijumaa

Chama chenyewe si kikubwa. Ni watu wa mlimani wanaojua maana ya kuteremka na bido, dumu la maji, alfajiri na kupanda nalo likiwa limejaa. Mradi wao ulikuwa matanki matatu na robine sita za kutekea maji. Mshirika wao, shirika lenye ofisi Nairobi, alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza, na malipo ya pili yalingoja mpango wa kazi. Mpango huo uandikwe kwa Kiingereza, katika fomu iliyotumwa kwa Kiingereza kitupu. Hapo nina neno na huyo mshirika: anayefanya kazi Kongo anajua karatasi za Kongo ni za Kifaransa. Kutuma fomu ya lugha moja na kutegemea watu wengine wabebe mzigo wote wa kutafsiri ni uvivu, hata kama umefungwa kwa maneno mazuri.

Barua ilitumwa Ijumaa tarehe 3 Machi. Nilipoisoma jioni ile ya Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye benchi la chama, sikuona kosa la sarufi. Nawaomba msomaji na mwanafunzi wangu wazingatie jambo hilo. Vitenzi vilikaa sawa, wingi ulikaa sawa, hata vituo vilikaa sawa. Kiingereza kingekuwa kibovu, dada wa Nairobi angeshuku na kuuliza. Kwa kuwa kilikuwa safi, aliamini kila alichosoma.

Sentensi ya kwanza: "The works have a delay of 21 days." Katibu alitaka kusema kazi imepewa muda wa siku 21. Kifaransa kichwani mwake kilisema "un délai de 21 jours", mkono ukaandika "delay". Nairobi ikasoma kwamba kazi imechelewa siku 21, nayo hata haijaanza. Maneno haya mawili ni watoto wa tumbo moja. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne nyingi zilizopita, likabaki kwao na maana ya kukawia. Kwa Wafaransa likaendelea kutembea mpaka likawa muda uliowekwa. Maana ya kale imebaki katika ule msemo wa "sans délai", bila kukawia, ambao kila mtu wa Bukavu ameusoma kwenye barua za serikali. Yaani dalili ilikuwa mbele ya macho yetu siku zote.

Sentensi ya pili ilikuwa na mitego mitatu: "The responsible will control the team until Friday 17." Kwetu "responsable" ni mkubwa wa kazi, na "kukontrole" ni kukagua. Kwa Kiingereza "responsible" haisimami peke yake kama jina la cheo. Ukiilazimisha, inanukia mtu aliyefanya kosa, mhusika wa tukio. Na "control" si kukagua, ni kushika usukani. Tena hiyo "until". Hapa sikuweza kukilaumu Kifaransa. Hapa Kiswahili chetu wenyewe ndicho kilichoponza. Sisi tunasema "mpaka Ijumaa" kwa yote mawili, la kuendelea hadi Ijumaa na la kuwa tumemaliza Ijumaa ikifika. Kiingereza kinayatenganisha: "until" ni kuendelea, "by" ni kumaliza. Kiswahili kinaweza kuyatenganisha vilevile kikitaka, kwa neno "kufikia". "Kufikia Ijumaa mkubwa wa kazi atakuwa amekagua maandalizi." Hiyo ndiyo iliyokusudiwa. Iliyosomwa ni kwamba mhusika asiyetajwa jina ataitawala timu hadi Ijumaa tarehe 17, kisha haijulikani.

Ya tatu: "Eventually we will buy the pipes in Kigali." Kwa Kifaransa "éventuellement" ni huenda, ikibidi. Kwa Kiingereza "eventually" ni hatimaye, yaani litatokea tu. Bajeti ilisema mabomba yatanunuliwa Bukavu. Kwa hiyo Nairobi ikaona watu wanaotangaza, bila aibu, kwamba mwisho wa yote watavuka Ruzizi na pesa.

Ya nne nayo ilimwomba mshirika "to assist the meeting". Walimwalika kuhudhuria, "assister à la réunion". Alielewa anaombwa kuusaidia mkutano, na katika lugha ya mashirika kuusaidia mkutano ni kulipia soda na nauli.

Ziweke zote nne pamoja, usome kama mtu aliye mbali anayesimamia pesa za wengine. Mimi pia ningesimamisha malipo.

Sehemu yangu katika kosa

Katibu alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa orodha yangu, maneno 40 ya kazi za pamoja na mipango, niliyowapa darasani mwaka mmoja kabla. Kiingereza kushoto, Kifaransa kulia. Na pale, kwa mwandiko wangu, "deadline" ilikuwa imekaa mbele ya "délai".

Si kosa la kufungwa jela, lakini ni kosa. "Deadline" ni siku ya mwisho, nukta moja kwenye kalenda. "Délai" ni muda wote kutoka mwanzo hadi nukta hiyo. Nilikuwa nimempa mwanafunzi nusu ya ukweli, akaenda nayo, na njiani akakutana na "delay" inayofanana na "délai" kama pacha. Laiti ningewasimulia neno lilikotoka, lisingewatoka kichwani. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kambi ya wafungwa ya Andersonville katika jimbo la Georgia ilikuwa na mstari ndani ya ukuta wake. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Uliitwa "dead line", mstari wa kifo. Baadaye magazeti yakaliazima kwa saa ya mwisho ya kupokea habari, na leo tunaliandika kwenye mipango ya robine. Huo ni mstari. Mstari haupimwi kwa siku 21.

Tangu siku ile siamini tena orodha za maneno zenye safu mbili. Neno la kupanga kazi halifundishiki bila kitenzi chake. Mtu akijua kwamba "deadline" inawekwa, inafikiwa, inakosewa au inasogezwa, hawezi kuichanganya na kuchelewa. Vilevile na "minutes": mwanafunzi mwingine aliwahi kunitafsiria "take minutes" kuwa ni kuchukua dakika, kumbe ni kuandika muhtasari wa mkutano, kile ambacho Bukavu nzima inakiita PV.

Jedwali la herufi nne

Barua ilikuwa jambo dogo. Kiambatisho ndicho kilichonishika mpaka usiku.

Nairobi ilikuwa imewatumia jedwali linaloitwa RACI. Ni chombo cha kawaida katika usimamizi wa miradi: kila kazi ina mstari wake, na kila mtu anapewa herufi. R ni "responsible", mtu anayeifanya kazi kwa mikono yake. A ni "accountable", mtu anayeijibia kazi hiyo mbele ya wengine hata kama hakuigusa. C ni anayeulizwa kabla ya uamuzi, na I ni anayepashwa habari baadaye. Kanuni yake kubwa ni moja: wenye R wanaweza kuwa wengi, lakini A iwe ya mtu mmoja tu katika kila mstari.

Jedwali la chama lilikuwa na mistari tisa. Kununua mabomba, kujenga misingi ya matanki, kumwaga zege, kufunga robine, kufundisha kamati ya maji, na mengineyo hadi kuandika ripoti. Katika mistari yote tisa, R ilikuwa ya Papa Prezida. Katika mistari yote tisa, A ilikuwa ya Mama Kontabli.

Niliangalia mara mbili, nikaelewa. "Responsible", basi ni "responsable", basi ni mkubwa, na mkubwa wetu ni Papa Prezida. "Accountable"? Inafanana na "comptable". Basi ni mhasibu. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alifikiri vizuri, ila alifikiri kwa lugha ya tatu. Matokeo yake ni kwamba kwenye karatasi iliyofika Nairobi, mzee mwenye miaka zaidi ya sitini ndiye atakayekoroga zege na kupanda na mabomba begani, na mama wa daftari la hesabu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya unene wa ukuta wa tanki.

Nilipomweleza, Mama Kontabli alivua miwani. "Mwalimu, na bafundi benyewe batajibiwa na nani? Mie niko najibia franga tu."

Nilitaka kumshangilia. Alikuwa ametamka neno ambalo nilikuwa nalitafuta tangu jioni. Kamusi za Kiswahili zinatupa "wajibika" kwa R na kwa A pamoja, na "uwajibikaji" umeshatumika kwenye mabango mengi hadi umechakaa. Lakini "kujibia" linaeleweka hata kwa muuza samaki: kitu kikiharibika, swali litakuja kwako, na jibu utalitoa wewe. Tangu hapo tukaacha herufi. Tukabaki na maswali manne: nani anafanya, nani anajibia, nani anaulizwa kwanza, nani anaambiwa.

Simu katikati ya vitenge

Kesho yake, Jumatano, ilikuwa tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Anayeijua Bukavu hahitaji kuelezwa. Mama wote wamevaa kitenge cha siku hiyo, barabara zimejaa nyimbo na filimbi, na akina mama wa chama walikuwa kwenye msafara. Papa Prezida alikuwa pembeni akiwasindikiza simu ilipoita. Dada wa Nairobi, Mkenya mwenye Kiswahili kizuri, aliona afadhali aongee kwa lugha ambayo haina "delay" ndani yake. Ni wazo jema. Ila mahali penyewe!

Wakakubaliana mkutano wa mtandaoni. "Siku gani, mzee wangu?" "Siku ya tano, dada, saa za asubui." Sawa, sawa, kwaheri.

Ijumaa tarehe 10 tulikaa watu saba kuizunguka simu moja, mega za intaneti zimenunuliwa, betri ya akiba imejaa. Saa nzima. Hakuna mtu upande wa pili. Papa Prezida akaanza kusema kwamba huo ni dharau, na kwa umri wake alikuwa na haki ya kukasirika. Katibu akatuma ujumbe wa kuuliza kwa upole. Jibu likaja: "Si tulisema Jumatano? Nimeandika tarehe 15."

Hapo hakukuwa na Kiingereza wala Kifaransa. Kwetu wiki ya kazi inahesabiwa: siku ya kwanza, siku ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, kisha siku ya posho na siku ya yenga. Siku ya tano ni Ijumaa. Kwa Mkenya au Mtanzania hesabu huanzia Jumamosi, kwa hiyo tano yake inaangukia Jumatano. Tofauti ni siku mbili kila mara. Siku yetu ya tatu ni Jumatano yao, na Jumatatu yao ni siku yetu ya kwanza. Katikati ya nyimbo na filimbi, dada alisikia "tano" na sikio lake likamalizia lenyewe.

Nimeliweka tukio hili kwa sababu kuna watu, na nilikuwa mmoja wao, wanaodhani dawa ni kuacha Kiingereza na kuongea Kiswahili. Dawa ya siku na saa ni tarehe: 10 Machi, 15 Machi. Tarakimu hazina lahaja.

Kimya cha mstari wa kwanza

Lakini nirudi nyuma siku moja, Alhamisi tarehe 9, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki.

Tulibandika karatasi kubwa ya padeksi kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, mahali akina mama wanapokaushia sabuni. Nikachora mistari tisa na yale maswali manne, kwa Kiswahili kitupu. Mstari wa kwanza, kununua mabomba. Nani anafanya? Kijana wa manunuzi akanyoosha mkono. Nani anajibia?

Kimya.

Papa Prezida alimtazama Mama Kontabli. Mama Kontabli alimtazama Papa Prezida. "Si ni weye, Papa Prezida?" "Hapana, Mama. Franga iko kwako." "Franga iko kwangu. Mabomba hayako kwangu."

Kijana wa manunuzi akakohoa, akasema tutoke nje. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, palikuwa na rundo la mabomba meusi. Aliinama, akafuta vumbi kwa kidole, akanionyesha tarakimu zilizopigwa ubavuni: 25. Michoro ya fundi ilitaka milimita 32. Yalinunuliwa Januari. Kila mtu aliyaona yalipofika, kila mtu alijua ni membamba, na hakuna aliyeyarudisha dukani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kuyarudisha. Muuzaji aliwaambia ya 32 hana, labda Kigali. Ile "éventuellement" ya barua ilizaliwa chini ya turubai lile.

Kwa hiyo jedwali la Kiingereza, pamoja na vichekesho vyake, lilikuwa limeficha kitu. A tisa za Mama Kontabli hazikuwa kosa la tafsiri peke yake. Zilikaa vizuri machoni pa wote kwa sababu zilijaza pengo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja kwa sauti. Neno geni ni zuri sana kwa kazi hiyo. Ukiandika "accountable" mbele ya jina la mtu, hakuna anayegombana nawe. Ukiuliza "nani anajibia mabomba haya?" kwa lugha ya nyumbani, watu wanatazamana.

Hata SMART, ile kanuni ya herufi tano ya kuandika malengo, haikuwasaidia, na kila aliyekaa semina mbili Bukavu anaijua SMART. George Doran alipoichapisha mwaka 1981, herufi A ilisimama kwa "assignable": kazi iwe na mtu aliyekabidhiwa. Baadaye wakufunzi wengi wakaigeuza kuwa lengo linalofikika, na kwa Kifaransa chetu ikawa "atteignable". Chama kilikuwa kimeandika kwa uaminifu kwamba malengo yake yote yanafikika. Swali la nani lilikuwa limeshadondoka kwenye herufi miaka mingi kabla halijafika Kadutu.

Tulibishana hadi jioni. Papa Prezida hakutaka kukubali mwanzoni. Alisema mkubwa hajibii vitu vidogo. Mama mmoja mzee, ambaye hana cheo chochote, alimwambia kwa utaratibu kwamba bomba si kitu kidogo kwa anayebeba bido. Mwishowe akachukua kalamu mwenyewe akaandika jina lake: manunuzi yote, anajibia yeye. Shefu wa shantie, yaani mkubwa wa kazi, akapewa ujenzi. Mama Kontabli akabaki na mistari miwili, hesabu na risiti. Ripoti akapewa katibu. Sehemu ya matokeo, zile "output" na "outcome" ambazo Kifaransa kinazitupa zote ndani ya "résultat", ilituchukua dakika kumi tu: robine imefungwa ni la kwanza, watu wanateka hapo badala ya kuteremka ni la pili. Wanaoteka maji wanaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Barua ya pili

Kiingereza kilikuja mwisho, usiku, na kilikuwa kifupi. Nilimkataza katibu kutumia jina pale penye kitenzi. Badala ya "have a delay", akaandika "The work will take 21 days, from 20 March to 9 April." Badala ya "the responsible", akaandika "the site foreman", kwa kuwa Kiingereza kinamwita mtu kwa kazi yake. "He will check the preparations by Friday 17 March." Kwa Kigali, "If necessary, we may buy", na mara baada yake ahadi ya kuomba ruhusa kwanza. Mabomba ya milimita 25 yakapata aya yake, bila kupaka rangi: tulikosea, haya ndiyo tunayofanya. Papa Prezida alisita juu ya aya hiyo. Nikamwambia uamuzi ni wake, maana yeye ndiye anayejibia. Akaiacha.

Katibu alitaka kupamba kwa maneno aliyoyaona kwenye barua za Nairobi: "synergy", "buy-in", "going forward". Nikayafuta. Maneno hayo ni kama tai ya kuazima: aliyeizoea haoni, asiyeizoea kila mtu anaona shingo yake.

Jumatano tarehe 15 dada alipiga kwa wakati. Aliposikia hadithi ya "revert" alicheka hadi akaomba radhi, kisha akasema tangu siku hiyo ataandika "please reply". Akakubali pia fomu ijazwe kwa Kifaransa au Kiswahili kwanza, na tafsiri ifuate. Kuhusu mabomba hakucheka. Aliuliza maswali, Papa Prezida akajibu moja moja, na Mama Kontabli hakufungua mdomo hata mara moja.

Malipo yalitoka wiki iliyofuata. Kazi ilianza Jumatatu tarehe 20 kama ilivyoandikwa, kwa kuwa mawe na mchanga vilikuwa tayari. Mabomba ya 32 yakaja nyuma, na yalipatikana hapahapa Bukavu. Mvua za mwisho wa Machi zilituchelewesha kwenye zege. Halafu kuna jambo ambalo sisi sote, na padeksi yetu na maswali yetu manne, hatukuliona: tarehe 9 Aprili ilikuwa Pasaka. Hakuna fundi wa Kadutu atakayefunga robine siku ya Pasaka.

Ijumaa Kuu asubuhi katibu alinitumia rasimu ya barua fupi nimkagulie kabla haijaenda Nairobi. Ilikuwa na sentensi moja: "There is a delay of three days." Niliisoma, nikatafuta cha kusahihisha, nikamrudishia ilivyo.

Jibu lilikuja baada ya sikukuu, maneno matatu: "Noted with thanks." Mama Kontabli akanipigia mwenyewe. Alitaka kujua kama hiyo ni ndiyo au ni hapana.